Plasta Niliyoifunga Vibaya

Ninyi mnaoingia chumba cha plasta siku hizi mnafika na vyeti. Mimi nilifika na mwiko mkononi na saruji kwenye nywele. Nilikuwa fundi ujenzi, kijana wa Matogoro, nimechukuliwa kupiga lipu ukuta wa wodi ya watoto katika hospitali ndogo ya misheni, nje kidogo ya mji wa Songea. Siku ya tatu Sista Edeltruda, muuguzi aliyesimamia watoto waliozaliwa na ulemavu, alisimama nyuma yangu akitazama mkono wangu. Nikadhani ukuta umepinda.

"Alfons," akasema, "hiyo kona unailainishaje?"

"Kwa kiganja, Sista. Mwiko unaacha alama."

"Ukimaliza ukuta njoo chumba cha tatu, nikuoneshe plasta ya aina nyingine."

Nikafikiri kuna ukuta mwingine. Nilikwenda na ndoo.

Chumba cha tatu hakikuwa na ukuta wa kupiga lipu. Kulikuwa na mama ameketi kwenye benchi na mtoto wa wiki tatu mapajani, nyayo zote mbili zimepindia ndani mpaka zinatazamana. Sikuwa nimewahi kuona miguu ya namna ile, na si kwamba haikuwepo. Watoto hao walizaliwa kwetu kama wanavyozaliwa kwingine, ila walifunikwa khanga. Watu walisema mama karuka kitu kibaya akiwa mjamzito, au baba kakosana na wakubwa wa ukoo. Sista hakubishana nao. Alisema tu, "Sababu hatuijui. Namna ya kunyoosha tunaijua," halafu akaomba apewe mguu.

Miaka ya nyuma watoto hao walikuwa wanasubiri wakue kidogo, halafu madaktari wa misheni waliokuja mara moja moja wanawapasua. Mguu ulinyooka, ila wengi walibaki na mguu mgumu kama ubao, ukifika utu uzima unauma. Mimi nilianza wakati njia hii mnayofundishwa ndiyo inaingia: mtoto aletwe angali ananyonya, mguu unyooshwe kwa mkono taratibu, ufungwe plasta kutoka vidoleni mpaka pajani, plasta ibadilishwe kila wiki. Zikifika tano au sita daktari anakata kidogo kano ya kisigino, inafungwa plasta ya mwisho ya wiki tatu, halafu mtoto anavaa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma. Wazee wa hospitali walicheka. Mmoja aliniuliza kama na miti ya Matogoro iliyopinda tutaifunga plasta. Nilicheka naye, maana mwenyewe sikuwa na hakika.

Ukuta ulipokwisha Sista alinibakiza kuwa msaidizi wake kwa ajili ya viganja vyangu, ila mwaka mzima hakuniruhusu kufunga mtoto. Nilishika magoti, nililoweka bandeji za plasta, nilichekesha watoto. Mazoezi ya kufunga niliyafanyia kwenye shina la mgomba. Alinikatia kipande, nikakifunga pamba, nikakifunga plasta, ikikauka anaipasua na kutazama shina. Mgomba hauna siri. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki pale pale.

"Hili shimo ni kidonda," alikuwa akiniambia. "Na hili hapa kidonda. Leo umemtia mtoto vidonda vinne. Kata shina lingine."

Jaribuni. Migomba haijaisha Songea. Na maji yenu yawe ya uvuguvugu tu. Ya moto yanafanya plasta ikauke haraka na imchome mtoto, ya baridi yanamfanya alie. Mwambieni mama amnyonyeshe mtoto wakati mnafunga, kwa sababu mtoto anayenyonya hasukumi mguu. Kateni kucha zenu. Msishike kisigino wakati wa kunyoosha; kiacheni, kitageuka chenyewe. Hayo yamo kwenye vitabu vyenu, najua. Nitakayosimulia sasa sidhani kama yamo.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kliniki. Mwaka wa pili, nikiwa nimeruhusiwa kubadilisha plasta za watoto alioanza nao yeye, Alhamisi moja Sista aliitwa kwenye mkutano wa shirika lake, na tabibu aliyekuwepo alikuwa amezidiwa na kazi kwenye wodi ya wakubwa. Sista aliniachia maagizo mlangoni. "Badilisha za watoto ninaowajua. Mtoto mgeni akija, mwambie mama arudi Alhamisi ijayo."

Saa nne hivi akaja mama mgeni. Jina lake Mwanahawa, mke wa muuza mitumba wa Bombambili, Wayao waliohamia kutoka Tunduru. Mtoto aliitwa Zuhura, ana mwezi mmoja. Mwanahawa alisubiri benchi zima liishe ndipo akafunua khanga, na alipofunua alitazama dirishani, hakutazama miguu wala hakunitazama mimi.

Nilipaswa kumwambia arudi wiki ijayo. Nikawaza kwamba mtu aliyemficha mtoto mwezi mzima, ukimrudisha leo huenda humwoni tena. Hilo ni kweli, na nililisema baadaye nilipoulizwa. Lakini kweli nyingine ni kwamba nilitaka kumwanza mtoto mwenyewe. Nilikuwa nimechoka na migomba na watoto walioanzwa na Sista.

Nikamfunga Zuhura miguu yote miwili. Nilivuta bandeji sawasawa, nikalainisha kwa kiganja kama kona ya ukuta. Pale mwisho, kwenye vidole, niliona kingo zimekaa vibaya, kama kazi ambayo haijaisha. Nikazungusha duru moja zaidi nikafunika vidole. Ilipendeza kweli. Mama mmoja kwenye benchi akasema, "Kama soksi." Nikamwambia Mwanahawa arudi baada ya wiki. Sikumwambia aangalie vidole, kwa sababu hapakuwa na vidole vya kuangalia.

Sista alirudi Ijumaa kabla ya saa sita. Alifungua daftari, akaona jina geni.

"Huyu nani?"

Nikamweleza. Nilieleza kwa furaha, mpaka nikafika kwenye kingo za vidole. "Nikafunika kote, Sista. Imependeza."

Hakupandisha sauti. Alifunga daftari. "Chukua baiskeli uende Bombambili sasa hivi. Damu ikikosa njia kwenye mguu wa mtoto mdogo, mguu unakufa. Ukikuta plasta ipo, usiikate kwa kisu. Iloweke, uifungue, umlete."

Kwenye daftari nilikuwa nimeandika "Bombambili, karibu na mashine ya kusaga." Nilizifikia mashine tatu. Nikawa nauliza nyumba yenye mtoto wa plasta, na watu wananishangaa: mtoto gani? Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtaa mzima haukujua Zuhura ana miguu ya namna gani. Nikabadilisha nikauliza nyumba ya muuza mitumba kutoka Tunduru, na mama wa vitumbua akanielekeza.

Uani alikuwa ameketi bibi mmoja kwenye mkeka, mama mkwe wa Mwanahawa, anachambua mchele. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akatazama nembo ya msalaba kwenye shati langu la kazi, akamwita mkwewe bila kuniuliza shida yangu.

Mwanahawa alitoka akiwa amembeba mtoto. Macho yalikuwa yamevimba. Nyuma yake, karibu na jiko, niliona beseni, na ndani yake bandeji zangu zimelowa, zimekaa lundo.

"Kaka, nisamehe," akasema kabla sijafungua mdomo. "Nimeharibu kazi yako. Mtoto alilia tangu jana jioni, hakunyamaza. Alfajiri nikashindwa, nikaloweka nikaitoa. Najua nimekosea."

Vijana wangu, nataka mjue nilichosikia moyoni. Nilisikia nafuu. Nafuu mbili kwa pamoja: kwamba plasta imetoka, na kwamba huyu mama anadhani kosa ni lake. Nikamwambia, "Haina shida, dada. Hebu nione miguu."

Mguu wa kulia ulikuwa mzima. Wa kushoto vidole vilikuwa vimevimba, rangi ya zambarau iliyoanza kufifia, na kwenye kisigino kidonda cha upana wa ukucha wa dole gumba. Nikabonyeza kidole kimoja kimoja, nikaachia, nikasubiri damu irudi. Ilirudi, polepole. Mama yake angengoja mpaka jioni ile, nisingekuwa na damu ya kusubiri.

Wakati ule ule mumewe, Saidi, akaingia kwa chakula cha mchana. Akaniona, akaona msalaba, akaona beseni. Hakuhitaji kuelezwa.

"Sasa umeona," akamwambia mkewe. "Nilikwambia vumilia. Watu wamehangaika na mtoto wako, wewe unatoa. Mpaka wamemtuma mtu nyumbani. Hii aibu nani anaibeba?"

Mwanahawa aliinamisha kichwa, akawa anamfunika mtoto miguu.

Bibi akasema taratibu, bila kuacha mchele wake, "Moyo wa mkeo mwepesi. Tangu mwanzo nimesema."

Nilikuwa nimekwisha shika baiskeli. Ningesema kwaherini, mleteni Alhamisi, nikaondoka, na hakuna mtu pale uani ambaye angejua. Sista pia asingejua. Lakini yule mama alikuwa anatukanwa mbele yangu kwa jambo nililofanya mimi, na kwa jambo alilofanya yeye lililookoa mguu. Nikaegemeza baiskeli ukutani.

"Baba Zuhura," nikasema, "mkeo hajakosea. Nimekosea mimi. Niliibana plasta, nikafunika vidole, na vidole havifunikwi. Nilikatazwa kumfunga mtoto mgeni nikafunga. Kama mama asingeitoa alfajiri, mtoto angepoteza mguu."

Saidi alinitazama. "Rudia."

Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu sasa walikuwa wananisikiliza wote watatu.

Hakunipiga, ingawa nilidhani atanipiga. Alimchukua mtoto kutoka kwa mama, akamfunua, akatazama kile kisigino muda mrefu. Halafu akamrudishia mkewe, na mkono wake ukabaki kidogo begani kwa mkewe. Ni bibi aliyesema.

"Basi imetosha. Hatuendi tena kwenye misheni yenu. Aliyemuumba ndiye anajua alivyomuumba."

Nilirudi hospitali nikamweleza Sista yote. Aliuliza kitu kimoja: "Umewaambia mwenyewe, au walikubana ukasema?"

"Nimesema mwenyewe."

"Basi tuna pa kuanzia. Kesho tunakwenda kusafisha kidonda."

Tulikwenda Jumamosi. Bibi alitukaribisha kwa sababu hakuna Myao anayemfukuza mgeni uani kwake, lakini aliuliza lililokuwa rohoni. "Sista, niambie kweli. Mkimaliza miguu mtamnyunyizia mjukuu wangu maji?"

"Bibi, maji yetu tunalowekea plasta," Sista akasema. "Dini mtoto anayo, ameikuta hapa nyumbani. Kwetu anafuata miguu."

Bibi hakucheka, ila aliondoa mkono uliokuwa umemfunika mtoto.

Kidonda kilichukua siku kumi na sita. Sista alikuja mara mbili tu. Zilizobaki nilikuja peke yangu kwa baiskeli, asubuhi kabla ya kazi. Nilisafisha, nikafunga shashi, nikaondoka. Siku za kwanza Saidi alitoka ndani nikifika na kusimama pembeni mpaka nimalize. Wiki ya pili alianza kunisalimia. Plasta hatukuizungumza kabisa.

Siku ya kumi na nne bibi ndiye aliyeianzisha. "Hebu niambie. Hicho kitu kikifungwa vizuri kinakuwaje? Hakiumi?"

"Hakiumi, bibi."

"Utajuaje wewe? Mtoto hasemi."

Nilikuwa na bandeji mbili za plasta kwenye mfuko wa baiskeli, za kupeleka hospitali. Nikamwambia, "Nipe mkono wako nikufunge. Wewe unasema."

Mwanahawa akaona haya. Saidi akasema, "Mama, achana naye." Bibi alikuwa amekwisha kunja mkono wa gauni.

Nikamfunga mkono wa kushoto, kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko, kwa pamba ya kutosha, vidole vyote vitano nje. Nikamwonesha: bonyeza ukucha, unakuwa mweupe, achia, damu inarudi. Ikichelewa, au vidole vikiwa vya baridi, au vikivimba, plasta itoke. Mwanahawa akainama kuangalia. Saidi naye akaja. Bibi akabonyeza na kuachia, akabonyeza na kuachia, kama mtoto aliyepewa redio.

Nilirudi jioni kuitoa. Nikaambiwa hayupo, amekwenda kwa mama wa vitumbua. Nilimkuta huko amezungukwa na wanawake wa mtaa, mkono ameuweka juu ya meza, anawaeleza kwamba mjukuu wake amezaliwa na nyayo za kupinda na hii ndiyo plasta watakayomfunga. Mwezi mmoja na nusu alikuwa ameificha miguu ile, na sasa alikuwa anaitangaza mwenyewe.

"Kuwasha kunawasha," aliniambia nilipokuwa nikiloweka. "Kuuma hakuumi. Alhamisi nitamleta."

Zuhura alifungwa na Sista. Mimi nilishika goti. Plasta zilikuwa saba badala ya tano, kwa sababu mguu wa kushoto ulikuwa umechelewa, na sababu mnaijua. Daktari akakata kano, plasta ya mwisho ikakaa wiki tatu, viatu vya chuma vikafuata.

Kuhusu viatu nitasema kidogo, maana hapo ndipo wengi mtashindwa. Miezi mitatu mtoto anavivaa usiku na mchana, baadaye wakati wa kulala tu, mpaka afike miaka minne hivi. Mguu unakuwa umekwisha nyooka, mzazi haoni tena ugonjwa, anaona mtoto analia kwa sababu ya viatu. Nilikuwa na mzazi mmoja, mwalimu wa Msamala, mtu msomi, amehamishiwa hapa kutoka kanda ya ziwa. Aliviweka viatu vya mwanawe juu ya kabati kwa huruma. Alirudi baada ya mwaka, mguu umerudi ulivyokuwa, tukaanza upya. Alikuwa amenisikiliza vizuri siku nilipomfundisha, na hata aliandika. Tangu siku hiyo sikuuliza tena mzazi kama ameelewa. Nilimwuliza nani nyumbani anamvalisha, na saa ngapi. Ninyi leo mnatumiwa picha za vidole kwenye simu, mama yuko Mbinga na wewe uko hapa. Ni jambo zuri sana. Ila picha ya kiatu kilichovaliwa dakika moja kwa ajili ya picha nayo inatumwa.

Zuhura sasa ni mtu mzima, ana cherehani yake Msamala. Mguu wa kushoto ni mdogo kidogo kuliko wa kulia, akinunua viatu anaweka kitambaa mbele, na kisigino kina kovu. Hapendi hadithi hii isimuliwe. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika, akasema niandike, ila nisiseme anatembeaje, kwa sababu anatembea kama watu wengine.

Ambaye sikujua nifanye naye nini ni mama yake. Miezi michache baada ya plasta ya mwisho, Sista alimwomba Mwanahawa awe anakuja Alhamisi kuzungumza na akina mama wageni kwenye benchi, wakati tunaandaa maji. Alikubali. Alisimama mbele yao, akina mama wa Kingoni, wa Kimatengo, wa Kiyao, wanaosali kanisani na wasiosali, na maneno yake ya kwanza, huku akinionesha kwa kidole, yalikuwa haya:

"Huyu baba mnayemwona ndiye aliyemfunga mwanangu vibaya akamtia kidonda. Alikuja nyumbani akasema mwenyewe. Kwa hiyo akiwaambia angalieni vidole, viangalieni. Mkiona vimebadilika msimwogope, mrudisheni mtoto siku hiyo hiyo. Kama kwenu ni mbali, loweka utoe. Hakuna atakayekugombeza."

Nilitamani kuingia chini ya meza. Baada ya kliniki nilimfuata Sista, nikamwambia hili si sawa, watu watakataa kufungwa na mimi.

"Kuna neno la uongo alilosema?"

"Hakuna."

"Basi kamwage yale maji."

Mwanahawa aliyasema maneno yale kila Alhamisi, mwaka baada ya mwaka, hata nilipokuwa fundi mkuu wa chumba, hata wageni wa misheni walipokuja kututembelea na wakatafsiriwa maneno hayo. Alikuwa ameyasema mara nyingi kabla sijaelewa yanafanya kazi gani.

Ilikuwa Jumatatu, siku isiyo ya kliniki. Mama mmoja kutoka upande wa Namtumbo alifika na mtoto mgongoni, miguu yake mwenyewe imejaa vumbi mpaka magotini. Alikuwa amefungiwa mtoto Alhamisi, na mimi. Akasimama mlangoni, akasema vidole vya mguu mmoja ni vya baridi tangu asubuhi, na yule mama wa benchi la Alhamisi alisema tusiogope, kwa hiyo amekuja.

Nikashika vidole. Vilikuwa vya baridi kweli. Nilikuwa nimefunga kwa uangalifu wangu wote, vidole vyote nje, na bado mguu ulivimba ndani. Niliweka miguu ya mtoto kwenye maji, nikafungua duru moja moja, nikabonyeza ukucha, nikaachia. Damu ilirudi mara moja.

"Umenikasirikia?" yule mama akauliza. "Nimekuja siku ambayo si yangu."

Nikamwambia hapana, aketi, amnyonyeshe mtoto. Nikavuta stuli, nikaanza kumfunga upya.